Ghorofa Kwanza

"Nimefika, Saimi! Nipo hapo hapo ulipo!"

"Hupo."

"Nipo! Naona nukta yako juu ya yangu!"

"Ndiyo maana nakwambia hupo. Folke, simama. Usifungue huo mlango."

Folke hakusimama. Saimi alisikia mlango ukipigwa teke, milio ya risasi ikafululiza ndani ya hedifoni, kisha kimya. Kwenye kona ya skrini yake, nukta ya kijani iliyokuwa imelala juu ya nukta yake ikageuka kijivu.

"Nimekufa," alisema Folke.

"Umekufa chini ya miguu yangu. Ghorofa mbili chini."

"Nilikuwa nakuja kukuokoa."

"Nani alikwambia nahitaji kuokolewa? Mimi nakunywa kahawa."

Na kweli alikuwa na kikombe mkononi. Saimi Kallioniemi alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake mjini Turku ilikuwa kuchora zile ramani zinazobandikwa karibu na ngazi za majengo, zenye mishale ya kuwaonyesha watu njia ya kutokea moto ukizuka. Kwa mtu wa kazi hiyo, Kinu hakikuwa kitisho. Kinu ndilo lilikuwa jina la uwanja wao katika mchezo: kiwanda cha zamani cha karatasi, ghorofa tano kuanzia chumba cha mitambo chini ya ardhi hadi paa la bati. Unaingia, unawatafuta mateka wawili, unatoka nao wakiwa hai. Wachezaji wengi waliangamia humo kwa kosa moja tu. Ile ramani ndogo ya pembeni ni bapa kama chapati. Inazilaza ghorofa zote juu kwa juu, ikakuonyesha mwenzako yuko ubavuni mwako, kumbe kati yenu kuna dari mbili na watu sita wenye bunduki.

"Haya, niambie," alisema Saimi. "Kanuni yetu ni ipi, Bwana Haraka?"

"Ghorofa kwanza, kisha chumba."

"Na wewe hufanyaje?"

"Naona nukta, nakimbia." Folke alicheka, lakini cheko lake lilikatika njiani. "Saimi, nimechoka."

"Tupumzike basi."

"Sisemi mchezo. Nimechoka kufika ulipo nisikukute."

Saimi alikiweka kikombe chini polepole, kana kwamba kingeweza kupasuka.

Miaka miwili sasa sauti ile ilikuwa ikimwingia masikioni karibu kila jioni baada ya kazi. Alijua kuwa Folke Ahlmark hupiga mluzi akipanda ngazi. Alijua kuwa ni fundi wa kukarabati madirisha ya nyumba za kale huko Gävle, Uswidi, ng'ambo ya bahari, na kwamba akiwa na huzuni huanza kueleza habari za mbao. Uso wake hakuujua. Kamera hawakuwahi kuziwasha. Walianza hivyo, kisha kila mmoja akaona haya kuwa wa kwanza kuomba. Alikuwa na picha moja tu, mtu mrefu juu ya jukwaa la ujenzi, kofia imemfunika hadi nyusi.

"Pasaka nina siku nne," Folke aliendelea. "Ipo meli ya asubuhi kutoka Stockholm. Inafika kwenu jioni ile ile. Sijialiki, lakini. Nauliza tu."

Mtu mwingine angesema ndiyo papo hapo. Saimi alitabasamu peke yake mbele ya skrini.

"Tufanye hivi," alisema. "Tunaingia Kinu tena, wawili tu. Ukinisikiliza mwanzo hadi mwisho na tukawatoa mateka wote wawili, utakuja."

"Na nikifa?"

"Rudi kwenye madirisha yako."

Waliingia. Saimi alipanda kwa ngazi ya chuma ya nje hadi juu ya paa. Folke akashukia chumba cha mitambo. Mpango ulikuwa kukutana katikati.

"Usiitazame ramani," alimwambia. "Nisikilize mimi, na usikilize nyayo. Nyayo zikilia bati, ni za juu kabisa. Zikilia mbao, ni ghorofa ya tatu. Zikiwa za saruji, ziko kwako. Unasikia nini?"

"Mbao."

"Basi wana nini na wewe?"

"Hawana habari na mimi. Wako juu."

"Vizuri. Pita chini yao. Taratibu."

"Naona nukta nyekundu iko mbele yangu kabisa, Saimi. Iko puani!"

"Unasikia saruji?"

Saimi alisikia pumzi za Folke tu, zikipanda na kushuka karibu mno.

"Hapana," alisema Folke. "Mbao."

"Basi pua yako iko salama. Tembea."

Alitembea. Ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango, alikwenda pale alipoambiwa na kusimama pale alipoambiwa, na Saimi akashuka kumlaki kama anayeshuka nyumbani kwake. Walikutana ghorofa ya pili, nyuma ya mashine kuu ya karatasi, kila mmoja na mateka wake. Wahusika wao wawili wa mchezo, wenye helmeti na sura zisizo na maneno, walisimama wakitazamana.

"Tuko ghorofa moja?" Folke aliuliza, sauti imeshuka.

"Moja."

"Basi nitakuja."

Saimi alipovua hedifoni, baba yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo ya vyombo begani.

"Nani anakuja?" aliuliza Mzee Taisto.

*

Meli iliondoka Turku saa mbili na robo asubuhi siku ya Ijumaa Kuu, ikipenya katikati ya visiwa vidogo ambavyo theluji ya mwisho ilikuwa bado imeng'ang'ania pande zao za kivuli. Mzee Taisto alikuwa amesema kwamba anakwenda kwa sababu ya kahawa ya melini. Hakuna aliyemwamini, yeye mwenyewe akiwemo.

Safari yenyewe ni ile wanayoifanya watu wengi wa pwani ile siku za mapumziko. Unapanda meli asubuhi, saa nane mchana unafika kisiwani Mariehamn, na hapo unakuta meli nyingine iliyotoka Stockholm. Unavuka kutoka hii kwenda ile, unarudi nyumbani. Folke alikuwa ndani ya ile nyingine, na Saimi alikuwa ameamua kwenda kumlaki nusu ya njia. Usiku uliotangulia Folke alikuwa ameandika ujumbe mfupi, na Saimi alikuwa ameusoma mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri:

"Nitakuwa kwenye jengo la abiria Mariehamn. Ukiniona na moyo ukakataa, au usipotokea, nitavuka kwenye meli inayorudi Stockholm. Hutakuwa na haja ya kunieleza chochote."

Dakika ishirini na tano. Ndio muda ambao meli zile mbili hukaa pamoja bandarini.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema Mzee Taisto, akilimega andazi lake la iliki. "Mwanamume wa kuoa ni yule unayemwona akipasua kuni. Unamwona akikasirika. Huyu wako umemwona akifanya nini?"

"Nimemsikia akikasirika, Baba."

"Kusikia!"

"Nimemsikia akishindwa pia. Akishindwa hamlaumu mtu. Wangapi unawajua wa hivyo?"

Mzee alitafuna. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mkewe afariki miaka mitano iliyopita alikuwa amezidi kuyapunguza. "Meza ya Pasaka ni ya watu wa nyumbani," alisema mwishowe. "Kiti cha mama yako sitamwekea mtu wa kwenye kompyuta."

Neno hilo lilichoma. Saimi alitazama nje dirishani mpaka macho yakatulia, kisha akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Baba, umefanya kazi kwenye chumba cha injini miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja. Unajua."

"Sitaha ya chini kabisa. Madirisha hakuna."

"Madirisha ya nini huko?"

"Na aliyekuwa akikwambia ongeza, punguza, rudi nyuma, alikuwa wapi?"

"Juu. Kwenye usukani." Mzee alianza kuhisi anapelekwa wapi, lakini andazi lilikuwa mdomoni.

"Ghorofa tisa juu yako. Ulikuwa unamwona?"

"Kulikuwa na simu."

"Sauti tu."

"Sauti tu," alisema Mzee Taisto polepole.

"Usiku wa ukungu, kati ya miamba kama hii hapa nje, watu elfu mbili wamelala, na wewe unaigeuza injini kwa sababu ya sauti ya mtu usiyemwona. Kwa nini ulimwamini?"

Baba alikunywa kahawa. Alikunywa tena. Meli ilikata kona, na visiwa vikazunguka dirishani kama vimewekwa kwenye sinia.

"Kwa sababu hakuwahi kunidanganya tulipo," alisema.

"Haya."

"Haya nini? Sijasema lolote."

"Sijasema umesema, Baba. Kunywa kahawa yako."

*

Saa nane na dakika kumi walishuka Mariehamn, katikati ya umati wenye mifuko na watoto wenye masharubu ya chokoleti. Ukumbi mrefu wenye zulia la buluu uliziunganisha meli zile mbili. Saimi alikuwa amelichora jengo zima kichwani kabla hajafika: huku mlango, kule ngazi, pale duka. Alijiamini. Hakuwahi kupotea ndani ya jengo maishani mwake.

Alifungua simu. Folke alikuwa ameiruhusu ionyeshe alipo. Nukta mbili zilikuwa zikikaribiana, zikakaribiana zaidi, na karibu na dirisha kubwa la katikati zikalaliana.

Saimi alisimama. Aliinua uso, tabasamu likiwa tayari.

Mbele yake alikuwa bibi mmoja na mbwa.

Alizunguka nguzo. Alitazama nyuma ya mashine ya vinywaji. Wanaume warefu walipita, mmoja, wawili, watatu, na kwa kila mmoja moyo wa Saimi uliruka na kurudi mtupu. Alirejea dirishani. Nukta bado zilikuwa juu kwa juu. Yupo hapa, na hayupo. Zimebaki dakika kumi na tatu.

Wazo baya likamjia: ameniona, akajificha. Ameniona na pua hii, na koti hili la njano, akasema moyoni, aa, huyu siye.

"Vipi?" aliuliza Mzee Taisto, aliyemfikia akihema.

"Yuko hapa hapa, Baba. Ila simwoni."

"Labda ndiyo jibu lake."

Simu ikalia. Saimi aliipokea kwa pupa, akabonyeza kipaza sauti bila kukusudia. Sauti ya Folke ikatoka wazi, baba akiwa anasikia.

"Naona nukta yako juu ya yangu," alisema.

"Hata mimi naiona!" Saimi alisema. "Sikuoni wewe! Folke, kama umejificha niambie tu. Nitaelewa. Niambie, nisizunguke nguzo kama kichaa."

Kwa upole ambao hakuwahi kuusikia hata ndani ya Kinu, Folke alisema:

"Nahodha. Kanuni ni ipi?"

Saimi alifumba macho.

"Ghorofa kwanza," alinong'ona. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, kicheko cha machozi. Yeye! Yeye anayewachorea watu mishale! Alizuia pumzi akasikiliza simu. Nyuma ya sauti ya Folke palikuwa na mlio mwingine, wa magurudumu ya masanduku yakigonga: ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta.

"Nasikia vigae," alisema. Alitazama miguu yake. "Mimi nimekanyaga zulia."

"Basi niko wapi?"

"Chini ya miguu yangu."

"Kama kawaida yangu," alisema Folke.

"Usisogee!"

"Sijasogea tangu meli ilipofika. Mwalimu wangu mkali."

Mzee Taisto aliinama kuelekea ile simu kama mtu anayeinamia mashine isiyoeleweka inapovujia. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Ngoja," alimwambia binti yake. "Meli aliyokuja nayo si ndiyo tunayorudi nayo Turku?"

"Ndiyo."

"Basi ameshuka kufanya nini? Angekaa kwenye kiti chake, na sisi tungepanda tukamkuta. Mtu ana kiti, ana kahawa, anashuka kwenda kusimama kwenye upepo wa mlangoni na dakika hizi chache?"

Folke ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa amesikia kila neno.

"Sikutaka mnikute nimeshakaa, mzee. Ingekuwa kama nimejijibia mwenyewe. Hajasema ndiyo bado."

Watu wa huku hawakalii kiti ambacho hawajakaribishwa. Mzee Taisto aliishi kwa kanuni hiyo miaka sitini na minane, na wakati wa kumchumbia marehemu mkewe alisimama kwenye theluji nje ya lango la wakwe hadi masikio yakaganda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ingia. Saimi aliijua hadithi hiyo. Mama yake alikuwa akiisimulia kila Pasaka. Alimwona baba yake akiikumbuka. Alimwona akijigusa sikio.

Spika za ukumbi zikatangaza: abiria wa kwenda Turku, dakika nane.

Mzee alinyoosha mkono. "Lete."

Saimi alimpa simu. Baba aliishika mbele ya mdomo kwa namna ya kizamani, na sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya kazini.

"Hapa Kallioniemi. Nani huko chini?"

"Folke Ahlmark, mzee."

"Ngazi ziko upande gani wako?"

"Kushoto. Hatua kama ishirini. Watu wanapanda wengi, mkono wa kulia uko wazi kwa anayeshuka."

"Vizuri. Baki hapo hapo. Anashuka." Alimrudishia Saimi simu, akageuza uso pembeni. "Sauti haiyumbi," alisema, kama anayezungumza na lile dirisha. "Nenda. Mimi nitashika ngazi huku juu. Wasije wakatufungia mlango."

Saimi alishuka. Hakukimbia, aliyekuwa akimfundisha mwenziwe miaka miwili kutokimbia angewezaje kukimbia leo? Alishuka mkono wa kulia ulipokuwa wazi, ngazi kwa ngazi, na zulia likaisha, na viatu vyake vikalia juu ya vigae.

Folke alikuwa amesimama karibu na mlango wa vioo, mgongo umenyooka, kofia mkononi. Nywele zake zilikuwa nyekundu kuliko alivyowaza, na sikio moja limejitokeza zaidi ya jingine. Macho yalikuwa ya kijivu, yakitazama moja kwa moja kwenye ngazi, mahali hasa ambapo angetokea. Chini ya kwapa alikuwa amebana kitu cha bapa kilichofungwa gazeti.

Miaka miwili hawakuwahi kukosa la kusema, na sasa walitazamana kama watu waliopewa lugha mpya. Saimi aliona vidole vyenye makovu madogo ya patasi. Kila alichokiona kilikwenda kukaa mahali pake ndani ya ile sauti, kama dirisha likikaa kwenye fremu yake.

"Wewe ni mfupi," Folke alisema hatimaye.

"Wewe una sikio."

"Ninayo mawili."

"Lile la kushoto linatosha." Alipiga hatua ya mwisho, na sasa harufu yake ikamfikia, mbao mbichi na sabuni. "Umebeba nini?"

"Dirisha. Dogo tu. La jikoni kwenu. Uliwahi kusema lile la zamani linapitisha baridi pale anapokaa baba yako. Ulinitajia vipimo wakati tumejificha kwenye stoo ya Kinu. Labda umesahau."

Saimi alikuwa amesahau. Folke hakusahau. Saimi alihisi kitu ndani yake kikifunguka bila kelele, na hakuona haja ya kukikawiza.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo, umesahau?"

"Ndiyo, Folke. Hilo ulilosema sijalisema. Nalisema."

Folke hakumkumbatia. Alimpa mkono wake wa kulia, kiganja kikiwa juu, na Saimi akauweka wake humo, na joto la kiganja kile likamjibu maswali yote ambayo skrini haikuweza. Kisha ndipo alipomvuta karibu, dirisha likiwa limebanwa kati yao, na kwa muda mfupi magurudumu, spika na watoto wa watu vikaenda mbali.

Walipofika juu, Mzee Taisto alikuwa amesimama katikati ya kichwa cha ngazi, miguu imetanuka, umati ukimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Alimtazama yule kijana kutoka kofia hadi viatu. Aliutazama mkono wa binti yake ulipokuwa. Alilitazama lile gazeti.

"Nini hicho?"

"Dirisha, mzee. La jikoni."

"Vioo viwili?"

"Viwili. Fremu ni msonobari wa zamani, umekauka miaka themanini. Haujipindi."

"Hm," alisema Mzee Taisto. Kwa waliomfahamu, hiyo ilikuwa hotuba.

Walivuka zulia la buluu watatu pamoja, kuelekea meli ya Turku. Saimi alitoa simu yake mara ya mwisho kabla ya kuizima. Nukta mbili, juu kwa juu, kama zilivyokuwa robo saa iliyopita. Folke alichungulia begani mwake.

"Ghorofa?" aliuliza.

"Moja," alisema Saimi.

Mlangoni mwa meli, baba yake aliyekuwa mbele alisimama bila kugeuka. Alikohoa. Alirekebisha ukosi wa koti lake, ingawa ulikuwa sawa.

"Kwetu," alisema, "viatu vinavuliwa mlangoni. Vya wageni huwekwa kushoto." Alifikiri kidogo, mkono wake ukarudi kwenye sikio. "Wewe weka kulia."